Migomba Ndiyo Iliyonichagulia Sabuni ya Vyombo

Nyuma ya jiko letu hapa Kigamboni kuna migomba mitatu na tuta la mchicha. Bomba la sinki halikuunganishwa na shimo la maji taka. Fundi alilipitisha chini ya ukuta likatokea kwenye migomba, kama wafanyavyo wengi mtaani kwetu, kwa sababu shimo likipokea na maji ya jikoni hujaa upesi, na gari la kunyonya si bure. Miaka yote migomba ilikunywa maji ya vyombo na ikazaa vizuri tu. Halafu nikabadilisha sabuni.

Niliacha sabuni ya mche nikahamia sabuni ya maji ya mtaani, ile inayouzwa kwa dumu la lita 20. Rangi ya kijani, harufu ya limau, povu jingi, bei nafuu. Baada ya miezi michache kingo za majani ya mgomba ulio karibu na bomba zikaanza kukauka kama zimepitiwa na moto, na mchicha ukadumaa. Juu ya udongo kukawa na utando mweupe, mgumu, unaokwanguka kwa ukucha. Nikadhani ni wadudu, nikanunua dawa, nikapulizia, wapi! Mzee mmoja anayelima mboga bondeni ndiye aliyeinama, akaokota kibonge cha ule udongo, akakigusisha ncha ya ulimi, kisha akatema. "Mwanangu, hapa mnamwaga maji gani?"

Ilikuwa chumvi.

Imetoka wapi, nilikuja kuona mwenyewe siku kikundi chetu cha akina mama kilipofundishwa kutengeneza sabuni ya maji. Mwalimu alimimina salfoniki kwenye ndoo kubwa, tindikali nzito ya rangi ya kahawia inayokaba koo ukiisogelea, nayo ndiyo inayoondoa mafuta kwenye vyombo. Akaongeza slesi, kiosho kinachotoa povu, nyeupe, inayovutika kama ute wa bamia. Akatia maji ya magadi soda ili kuiua ile tindikali. Hadi hapo mchanganyiko ulikuwa mwepesi kama maji ya mchele. Ndipo akaanza kumwaga chumvi iliyoyeyushwa, kikombe baada ya kikombe, huku mwenzetu akikoroga kwa mwiko kuelekea upande mmoja. Sabuni ikaanza kukaza machoni petu, kwanza kama uji wa mgonjwa, kisha kama asali, mpaka mwiko ukamlemea mkorogaji akaomba apokewe. Mwalimu akasema wateja wanapenda nzito.

Mimi ndiye huyo mteja. Uzito niliokuwa nauona kuwa ndio ubora ulikuwa chumvi, na kila baada ya chakula nilikuwa naimwaga kwenye migomba. Magadi soda nayo huongeza sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Sodiamu ikizidi, udongo hufumba, maji hayapenyi vizuri, na mizizi hushindwa kunywa hata kama juu kumelowa.

Kwa hiyo nikiulizwa sabuni gani ya vyombo haiharibu mazingira, nami huuliza kwanza: bomba lako linaishia wapi? Jani la kijani lililochorwa kwenye chupa halijui kama una bustani, shimo, au mtaro unaokwenda baharini.

Kama maji yako yanakwenda bustanini, adui mkubwa ni chumvi, magadi soda na klorini. Kama yanakwenda kwenye shimo lililofunikwa, hesabu inabadilika. Miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu, kwa sababu viosho vya wakati ule vilikuwa na molekuli zenye matawi ambazo bakteria hawakuweza kuzimeng'enya kirahisi. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia katikati ya muongo huo viwanda vingi vilikuwa vimehamia molekuli zilizonyooka, ambazo ndizo salfoniki tunayoijua leo. Salfoniki hiyo huoza vizuri penye hewa. Ndani ya shimo hakuna hewa, na humo huoza kwa shida sana. Sabuni halisi, yaani mafuta yaliyopikwa na kostiki, huoza hata huko shimoni. Slesi pia inaishinda salfoniki kwa mbali, na viosho vya glukosidi, vinavyotengenezwa kwa sukari ya nafaka na mafuta ya nazi au ya mawese, ni vizuri zaidi, ingawa kwetu huvipati kirahisi na bei yake si ya kila siku.

Kuhusu fosfeti, kemikali inayotiwa kwenye baadhi ya sabuni, nitasema kifupi. Fosfeti hulisha mwani na magugu ziwani, na ndugu zetu wa Mwanza na Kisumu hawahitaji kuhadithiwa habari za magugu maji. Lakini fosfeti zaidi ni jambo la sabuni za unga za kufulia na za mashine za kuoshea vyombo. Umoja wa Ulaya uliziwekea mipaka kwenye sabuni za kufulia za majumbani mwaka 2013 na kwenye za mashine za vyombo mwaka 2017. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono kwa kawaida haina fosfeti, kwa hiyo usiongeze hela kwa sababu tu chupa inajisifu kwamba haina.

Tena kuna mikono. Nilikuwa nahangaikia migomba kumbe dada anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa anaumia kimyakimya. Siku moja nilimwona anaosha sufuria amevaa mfuko wa mkate mkononi. Nikamwuliza, akasema, "Mama, hii sabuni inanikata." Alipoutoa mkono, ngozi katikati ya vidole ilikuwa imechubuka, nyekundu. Yule aliyetuuzia hakuwahi kupima kama tindikali yake imekufa yote. Karatasi za litmasi, zinazobadilika rangi kuonyesha kama tindikali bado ipo, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na mtengenezaji makini anazo. Mwulize. Mwulize pia anatumia nini sabuni isiharibike, maana wengine hutia fomalini. Formaldehidi, gesi iliyomo ndani ya fomalini, iliwekwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, mshukuru uondoke. Na usikubali akuuzie kwenye chupa ya maji ya kunywa, hasa kama nyumbani una watoto wadogo. Sabuni ya kijani ndani ya chupa ile ni kinywaji machoni pa mtoto.

Sasa kwetu tunatumia nini? Tumerudi kwenye sabuni ya mche, ile ya mawese inayotoka Kigoma. Nakwangua kipande cha kama gramu 100 kwa kikwangulio cha karoti, naloweka kwenye lita moja ya maji ya moto, nakoroga, naacha usiku kucha. Asubuhi imeganda kama uji mzito bila punje ya chumvi niliyoongeza. Naitia kwenye kopo lenye mfuniko, na dada anachota kijiko kimoja tu kwenye beseni. Napenda pia kwamba najua yanakotoka yale mafuta. Neno "asilia" kwenye chupa ya kutoka nje halikuambii kama mawese yake yametoka kwenye shamba lililokatiwa msitu huko Indonesia, wakati michikichi ya Kigoma mingi ni ya wakulima wadogo.

Ina udhaifu wake na sitauficha. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi sabuni ya mche hukataa kutoa povu, na glasi hubaki na ukungu, kwa sababu inashikana na kalisi na magnesi zilizomo kwenye maji. Tunaoshea maji ya bomba yakiwepo, au ya mvua, na glasi tunazisuuza mwisho kwa maji yaliyokamuliwa limau kidogo. (Tafadhali limau na siki zisikutane na dawa ya klorini, mchanganyiko huo hutoa gesi inayoumiza mapafu.) Kama nyumba yako ina maji ya kisima tu, sabuni ya mche itakutesa. Tafuta ya maji isiyo nzito, ya mtengenezaji anayekubali kukutajia alichotia, na utumie kidogo. Povu lisikudanganye: linapendeza macho, lakini halipimi usafi.

Hicho "kidogo" ndicho kilichotuokolea zaidi kuliko jina la sabuni. Mafuta ya sufuria tunayafuta kwanza kwa gazeti kabla ya kugusa maji. Ukoko unaloweshwa, haupigwi vita. Tunaanza na glasi, tunafuata sahani, tunamaliza na masufuria, kwenye povu lilelile. Sponji za dukani, zile zinazomeguka vipande vya plastiki mpaka kwenye sinki, tumeziacha. Mdodoki tuliouotesha kwenye uzio unatupa madodoki kuliko tunavyohitaji. Linakauka mtini, unalimenya, unakung'uta mbegu, unalikata vipande vitatu. Likichakaa linakwenda shambani. Kwa sufuria lililoungua kwenye mkaa, jivu na kumbi la nazi kama alivyofanya bibi bado havijapata mpinzani kwangu, na kuna sababu: potashi iliyomo kwenye jivu ikikutana na mafuta hugeuza sehemu yake kuwa sabuni.

Klorini tumeibakiza kwa dharura, kwa sababu ni adui wa bustani, na kwa mwenye maji yanayokwenda shimoni inaua bakteria wanaofanya kazi humo. Ila kukiwa na kipindupindu fuata maelekezo ya watu wa afya bila kusita; migomba itasubiri.

Ukitaka kubadilisha, usinunue dumu. Nunua kidogo, itumike wiki mbili, na anayeosha vyombo ndiye atoe hukumu, si anayelipa. Kwetu dada ndiye aliyekataa sabuni mbili kabla ya hii. Ule utando mweupe tuliukwangua, tukaacha mvua za masika zishushe chumvi chini, na sasa bomba lina kipande cha mpira tunachokihamisha kila siku kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Mchicha tumeuhamishia upande wa pili wa uwanja, unamwagiliwa maji safi.