Revolver ya nyimbo 11 si feki

Ndugu, unahofia kwamba albamu yako ya Revolver ya Beatles ni feki kwa sababu ina nyimbo 11 tu. Si feki. Ni toleo la Marekani la 1966. Tazama lebo ya katikati ya santuri: ya Marekani imeandikwa Capitol, ya Uingereza Parlophone (majina ya kampuni za rekodi), na hiyo ya Uingereza ina nyimbo 14. Zile tatu zisizo kwenye yako, "I'm Only Sleeping", "And Your Bird Can Sing" na "Doctor Robert", Capitol walishazitoa Juni kwenye albamu nyingine, Yesterday and Today. Zote anaimba John Lennon wa Beatles, kwa hiyo kwenye nakala yako amebakiwa na nyimbo mbili tu. Hasara hiyo! Usiinunue hiyo Yesterday and Today kuziba pengo: nakala zake za kwanza za stirio zina stirio ya kughushi (sauti ya mono iliyogeuzwa isikike kama stirio) kwenye hizo tatu. Tafuta Revolver ya Parlophone, au CD ya 1987, iliyofuata mpangilio wa Uingereza.