Wabaptisti tuna kanuni ya imani au hatuna? Jibu kwa dada wa Mtwara

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi nimezaliwa Masasi kwenye familia ya Kianglikana, nikaolewa hapa Mtwara mjini, nikabatizwa kanisa la Baptisti. Juzi kwenye mkutano wa kanisa vijana waliomba tuwe tunasema Imani ya Mitume kwenye ibada, yale maneno ya zamani ya kukiri imani yanayoanza "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi", mzee mmoja akasimama akakataa kabisa, akasema hayo ni ya Wakatoliki na Waanglikana, Mbaptisti hana kanuni ya imani, ana Biblia tu. Halafu wiki hiyohiyo uongozi ukaleta karatasi ya ungamo la imani, wanataka kila mshirika asaini kabla ya Krismasi. Sasa tunazo au hatuna? Na je, nisaini? Majirani zangu ni Waislamu, wananiuliza mara kwa mara nyie mnaamini nini hasa, mimi naishia kusema someni Biblia. Na nikienda nyumbani Masasi, nikisema Imani na mama yangu kanisani kwake nakuwa nimeasi Ubaptisti wangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali manne ndani ya moja na yote ni ya msingi, kwa hiyo nivumilie nikienda mbali kidogo.

Tuanze na huyo mzee wenu, na naomba vijana wasimdharau, maana hofu aliyonayo ina historia ya damu nyuma yake. Wabaptisti wa mwanzo walikuwa Waingereza waliokimbilia Amsterdam kwa sababu kwao dini ilikuwa amri ya mfalme, na kitabu cha sala kilikuwa sheria ya nchi, ukikataa unakamatwa. Mmoja wao, Thomas Helwys, akarudi London mwaka 1612 na kitabu alichoandika kumwambia mfalme James kwamba yeye ni mwanadamu tu na hana mamlaka juu ya roho za watu, kwamba dini ya mtu ni kati yake na Mungu, awe mzushi, awe Myahudi, hata awe Mturuki, na kwa lugha ya wakati ule Mturuki maana yake Mwislamu. Mwanangu, hebu lifikirie hilo wewe unayeishi na majirani Waislamu, kwamba miongoni mwa Wabaptisti wa kwanza kabisa yupo aliyedai uhuru wa Mwislamu kuabudu bila kuguswa na serikali. Helwys akafungwa gereza la Newgate na hakutoka huko, alishakufa ilipofika 1616. Kule Marekani nako mwaka 1651 Obadiah Holmes alichapwa viboko 30 hadharani mjini Boston, na waliomchapa walikuwa Wakristo wenye ungamo zuri kabisa la imani. Ndo maana Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walipounda umoja wao mwaka 1845 walitangaza kwamba hawakuweka kanuni mpya ya imani, kwa sababu Wabaptisti hawapendi kanuni yoyote isipokuwa Biblia. Na wamisionari walioleta Ubaptisti Tanganyika miaka ya 1950 walitoka kwenye umoja huohuo, kwa hiyo mzee anaposema "Biblia tu" anasema alichofundishwa na waliomfundisha, hajakitunga.

Ila mzee anasimulia nusu ya habari. Huyohuyo Helwys, mwaka 1611, kabla hajarudi Uingereza, aliandika tamko la imani lenye ibara 27. Mwaka 1644 makanisa saba ya Kibaptisti ya London yakaandika ungamo lao, na sababu yao ni ya kawaida kabisa, hata huku kwetu ingetokea: walikuwa wanasingiziwa. Watu walisema hawa ni walewale wabatizaji wa kule Münster Ujerumani walioteka mji kwa silaha karne iliyopita, hawatii serikali, wanafanya mambo ya aibu kwenye ubatizo. Wakaona bora waandike, kila mtu asome ajue tunaamini hivi na hivi, na hatuamini yale mnayotusingizia. Mwaka 1677 wakaandika lingine refu lenye sura 32, wakichukua sehemu kubwa kutoka kwa Wapresbiteri na Wakongregesheni ili ionekane wazi kwamba mambo makuu ya imani tunakubaliana, tofauti iko kwenye ubatizo na uongozi wa kanisa, na mwaka 1689 sheria ilipowaruhusu kuabudu kwa uhuru wajumbe wa makanisa zaidi ya 100 wakakutana London wakalipitisha. Charles Spurgeon alipokuwa mchungaji kijana London alilichapisha upya mwaka 1855 awape washirika wake. Hata hao Wamarekani wa 1845 walifika mahali wakaandika lao mwaka 1925, wakalirekebisha 1963 na tena 2000.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba tunayo maungamo mengi, pengine kuliko hao tunaowacheka. Tulichokataa ni mtu kulazimishwa kwa rungu, na pia maneno ya watu kuwekwa kiti kimoja na Maandiko.

Sasa Imani ya Mitume. Hapa nataka mzee wenu anisikilize vizuri kwa sababu naamini akijua ilikotoka ataipenda. Mitume hawakukaa chini wakaiandika neno kwa neno, hiyo ni hadithi ya baadaye. Imekua taratibu kutoka kwenye ungamo la ubatizo la kanisa la Roma la zamani. Mtu mzima aliyefundishwa anashuka majini, anaulizwa unamwamini Mungu Baba Mwenyezi, anajibu naamini, anazamishwa. Anaulizwa unamwamini Kristo Yesu Mwana wa Mungu, aliyezaliwa na bikira, akasulubiwa, akafa, akafufuka siku ya tatu, anajibu naamini, anazamishwa tena. Mara ya tatu juu ya Roho Mtakatifu. Yaani ni maneno ya mtu aliyeamini mwenyewe akayasema kwa kinywa chake akiwa ndani ya maji, jamani kuna kitu cha Kibaptisti kuliko hicho? Wewe mwenyewe siku unabatizwa mchungaji alikuuliza kama unamwamini Yesu kuwa Bwana na Mwokozi wako, ukajibu ndiyo mbele ya watu. Hilo ni ungamo, fupi tu.

Na Wabaptisti wenzetu waliliona hilo zamani. Mwaka 1679 Wabaptisti wa kundi la Jumla, wale walioshikilia kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, kule mikoa ya katikati ya Uingereza, waliandika kwenye ungamo lao kwamba Imani ya Mitume, ya Nikea na ya Athanasio zinapaswa kupokelewa na kuaminiwa kwa sababu zinathibitika kwa Maandiko. Na mwaka 1905 Wabaptisti wa dunia nzima walipokutana London kwa mara ya kwanza kuunda Muungano wao, rais wa mkutano Alexander Maclaren aliwasimamisha wote wakasema Imani ya Mitume kwa pamoja kabla ya jambo lingine lolote, ili ulimwengu ujue wamesimama wapi. Mkimwambia mzee hivyo mwambieni kwa adabu.

Tena Biblia yenyewe imejaa maungamo. "Sikiza, Ee Israeli; Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja" Kumbukumbu 6:4 ni nini kama si ungamo? Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anasema aliwapa yale aliyoyapokea na yeye, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, maana yake yalikuwa maneno ambayo kanisa lilishakuwa linayashika na kufundishana kabla hata nyaraka zake hazijakusanywa. Soma na 1 Timotheo 3:16 na Wafilipi 2 uone.

Hapo nakuja kwa majirani zako, na hili ndo linaniuma zaidi kwenye barua yako. Huku pwani yetu, kuanzia Mikindani mpaka Lindi na Kilwa, mtoto wa Kiislamu wa miaka sita anajua kukuambia imani yake kwa sentensi moja. Jirani anakuuliza kwa nia njema kabisa wakati mnabangua korosho kibarazani, nyie mnasema Mungu ana mtoto, mnamaanisha nini, na wewe Mkristo wa miaka mingi unamwambia kasome Biblia, kitabu cha kurasa zaidi ya elfu! Petro anasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, 1 Petro 3:15, wala hakusema tumpe kitabu tuondoke. Ukiwa na Imani ya Mitume kichwani unaanzia mahali: tunamwamini Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na nchi, hapo mtakuwa pamoja. Halafu unaendelea kwa Yesu, aliyezaliwa na bikira, na hapo bado hamjaachana, halafu aliteswa akasulubiwa akafa akazikwa, hapo ndipo mnapoachana na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Na ukitaka kueleza Mwana ana maana gani, Imani ya Nikea iliyoandikwa 325 na kukamilishwa 381 inakusaidia kusema Mungu hakuoa wala hakuzaa kama wanadamu wanavyozaa, Mwana ametoka kwa Baba kabla ya nyakati zote, hakuumbwa, ni wa asili moja na Baba. Watu walipigania hayo maneno miaka na miaka, tusiyatupe kwa sababu tu jirani Mkatoliki naye anayasema.

Na hiyo "Biblia tu", mwanangu, naisema na mimi kwa moyo wote, ila peke yake haimlindi mtu. Arius, yule mwalimu wa zamani aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, alikuwa na Biblia. Mashahidi wa Yehova wanaokuja mlangoni wana Biblia na wanaisoma kwa bidii. Mwaka 1719 wachungaji wa London wasio wa kanisa la serikali walikutana ukumbi wa Salters kujadili kama mhubiri atakiwe kusaini tamko la Utatu, kura zikawa 57 kwa 53 kwamba asitakiwe, maneno ya Biblia yatosha. Wabaptisti wa lile kundi la Jumla wengi wao walikuwa upande wa kutosaini. Niwatendee haki, wengi wao waliuamini Utatu, walichokataa ni kufungwa na maneno ya wanadamu. Lakini miaka ilivyokwenda makanisa yao mengi yaliteleza mpaka kukana uungu wa Kristo, na wakati huo hakukuwa na maneno waliyokubaliana ya kumwambia mhubiri hapa umetoka nje. Mwaka 1770 Dan Taylor alijitenga na wenzake wachache kuanza upya, na moja ya mambo ya kwanza waliyofanya ni kuandika ibara sita za imani. Sisemi kwamba ungamo linaokoa kanisa, maana yapo makanisa yenye maungamo marefu yaliyokufa vilevile. Nasema kwamba kila kanisa lina ungamo, ama limeandikwa na kila mtu anaweza kulipima, ama limo kichwani mwa mchungaji na hakuna anayeweza kulipima, na mimi hilo la pili naliogopa zaidi.

Uhusiano wa Biblia na ungamo ni kama mzani na stakabadhi pale ghalani kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Stakabadhi inaandika kile mzani ulichopima, ni muhimu, ukiipoteza utahangaika, ila ikitofautiana na mzani unarudi kupima upya unaiandika sawasawa. Maungamo yetu yenyewe yanasema hivyo. Lile la 1689 linaanza kwa kusema Maandiko Matakatifu ndo kanuni pekee inayotosha, ya hakika, isiyokosea, na sura ya 21 inasema Mungu peke yake ndiye Bwana wa dhamiri. Lile la London la 1644, kwenye toleo lake la 1646, mwishoni linakiri kwamba tunajua kwa sehemu, na mtu akituonyesha kwa neno la Mungu tusichokiona tutamshukuru Mungu na yeye pia.

Sasa ile karatasi ya kusaini. Hapa siwezi kukuambia saini au usisaini kwa sababu sijaisoma, ila nakuambia ningefanya nini ningekuwa wewe. Ningeomba nakala niende nayo nyumbani, kila mstari niutafutie Maandiko kama wale watu wa Beroya Matendo 17:11. Ningeuliza iliandikwa na nani na je, ilijadiliwa kwenye mkutano wa kanisa au imeshuka tu kutoka ofisini, maana kwa utaratibu wetu kanisa lote la mahali ndo linaamua na ungamo ambalo washirika hawakulijadili lina kasoro tangu kuzaliwa hata kama kila neno ni kweli. Ningeangalia pia kama inasema popote kwamba Biblia iko juu yake na kwamba inaweza kurekebishwa. Utangulizi wa lile la Wamarekani la 1925 uliyasema haya wazi, kwamba ungamo halijakamilika, haliko juu ya dhamiri na linaweza kubadilishwa, ila mwaka 2002 wamisionari wao walipotakiwa kukubali kwa maandishi toleo la 2000 baadhi walikataa na 2003 wakapoteza kazi zao, watu waliotumikia miaka mingi. Wanaolitetea wanasema anayetumwa kufundisha kwa jina la makanisa lazima makanisa yajue anafundisha nini, na kwa walimu na wachungaji mimi nakubaliana nao. Mshirika wa kawaida, bibi wa Naliendele aliyeamini jana, kumwekea tarehe ya mwisho kabla ya Krismasi, hapana. Huyo afundishwe kwanza, hata ikichukua msimu mzima wa korosho na mwingine. Mwambie mchungaji wako hivyo kwa heshima, kabla ya mkutano, mkiwa wawili, usimvizie mbele za watu.

La mwisho, Masasi. Wamisionari wa Kianglikana walifika hapo 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na vizazi na vizazi vya bibi zako wamekiri Imani hiyo. Nenda, simama na mama yako, iseme yote kwa sauti. Wakifika kwenye Imani ya Nikea pale penye ubatizo mmoja kwa ondoleo la dhambi, utakuwa unaelewa tofauti na padre wao kuhusu nani abatizwe, maana sisi tunambatiza anayeamini, lakini wale Wabaptisti wa 1679 waliyapokea maneno hayohayo bila kuruka mstari. Mama akikuuliza njiani mkirudi kwa nini basi ulibatizwa tena, mjibu kwa upole, mfungulie Warumi 6 msome wote wawili.