Monita ya gemu: picha kali kwenye mwendo au mwanga mwingi?

Mkuu umeuliza uchukue monita yenye mwanga mkali ama ile ya taa ya nyuma inayowaka na kuzima ili picha isivurugike, mi nakwambia anza na gemu unazocheza. Ule ukungu ukigeuza kamera haraka mara nyingi si paneli kubadilisha rangi taratibu, ni fremu (picha moja moja) inakaa imeganda mpaka inayofuata ifike, kwa 120Hz (picha 120 kwa sekunde) ni kama milisekunde 8.3, kwa 240Hz kama 4.2. Taa ikiwaka milisekunde 1 tu kwa kila fremu picha inanyooka kabisa, ila muda mwingi skrini iko giza kwa hiyo mwanga lazima ushuke, na monita nyingi ukiwasha hiyo taa ya kuzimazima, VRR (monita kufuata kasi ya fremu za kompyuta) inazimika, halafu kuna watu macho yanawauma kwa ule mmweko. Gemu za kurushiana risasi, na chumba unaweza kufunga mapazia? Chukua ile ya taa ya kuwaka na kuzima bila kusita. Za hadithi zenye HDR (picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza), mwanga kwanza. Mi ningetafuta OLED (paneli ambayo kila pikseli inatoa mwanga wake) ya 240Hz, pikseli zake zinabadilika fasta mno so ukungu unabaki mdogo hata bila kuzimazima, ilimradi kompyuta yako itoe fremu hizo.