Maswali ya Wasomaji: Nyimbo za Kenny Rogers Zilizovuma Zaidi

Barua zinazomhusu marehemu Kenny Rogers zimekuwa zikitufikia kwa wingi kiasi kwamba tumeona ni vyema kumtengea safu nzima. Mwimbaji huyo Mmarekani, aliyezaliwa Houston, Texas, tarehe 21 Agosti 1938 na kufariki dunia tarehe 20 Machi 2020, ana wapenzi wengi katika Afrika Mashariki, hasa nchini Kenya, ambako muziki wa kantri una wasikilizaji waaminifu na hata waimbaji wa nyumbani kama vile Sir Elvis. Tumezijibu barua ambazo maswali yake yaliulizwa na wengi.

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi na shemeji yangu tunabishana kila tunapokutana kuhusu wimbo wa Kenny Rogers uliovuma kuliko zote. Yeye anashikilia kwamba ni The Gambler, nami nasema ni Lady. Tafadhali tuamulie. — Msomaji wa Nakuru

Ndugu msomaji, ubishi huo hautakwisha mpaka mkubaliane kwanza mnapima kwa kipimo gani. Kwa kipimo cha chati, haki iko upande wako. Lady ulitoka mwaka 1980, ukapanda hadi nafasi ya kwanza katika chati kuu ya jarida la Billboard la Marekani, ile inayokusanya nyimbo za kila aina, na ukakaa hapo kwa muda wa wiki sita. Uliongoza pia chati ya kantri, na ukapenya hata katika chati ya soul, yaani muziki wa Wamarekani weusi, jambo lililokuwa nadra mno kwa mwimbaji aliyehesabiwa kuwa mtu wa kantri. Katika nyimbo alizoimba peke yake, hakuna nyingine iliyowahi kufika kileleni mwa chati hiyo kuu. Uliofika tena ni Islands in the Stream wa mwaka 1983, lakini huo aliuimba pamoja na Dolly Parton, mwimbaji mwenzake wa kantri.

The Gambler uliongoza chati ya kantri mwishoni mwa mwaka 1978, ila katika chati kuu uliishia nafasi ya 16. Ulipitwa na Lucille wa mwaka 1977 na She Believes in Me wa mwaka 1979, ambazo zote zilifika nafasi ya tano, na ulipitwa pia na Coward of the County uliofika nafasi ya tatu. Waingereza nao waliipa nafasi ya kwanza Lucille, kisha Coward of the County, bila kuujali sana The Gambler wakati huo.

Hata hivyo, chati hupima mauzo na kusikika redioni kwa majuma machache tu, na ukipima kwa kudumu, shemeji yako ana hoja nzito. Wimbo huo ulizaa filamu ya televisheni mwaka 1980, Rogers mwenyewe akiwa mchezaji mkuu, na filamu hiyo ikafuatwa na nyingine kadhaa. Mwaka 2007 wachezaji wa raga wa Uingereza waliufanya wimbo wao wakati wa Kombe la Dunia, takriban miaka thelathini baada ya kurekodiwa. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo imeuweka katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwangu mimi, Lady ni wimbo uliotamba kwenye chati kuliko zote na The Gambler ni wimbo unaojulikana kuliko zote, na sioni kwa nini mmoja wenu alazimike kushindwa.

Kwa Mhariri. Nimeambiwa kwamba Lady haukutungwa na Kenny Rogers. Kama ni kweli, alitunga nyimbo zipi yeye mwenyewe? — Msomaji wa Mwanza

Ni kweli, na si huo peke yake. Lady ni utungo wa Lionel Richie, ambaye wakati huo alikuwa bado katika bendi ya Commodores na ambaye mwaka uliofuata alimtayarishia Rogers albamu nzima. The Gambler ulitungwa na Don Schlitz, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akifanya kazi ya zamu ya usiku kwenye kompyuta za Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, kitovu cha muziki wa kantri. Wimbo wake ulizunguka kwa muda wa miaka miwili ukitafuta mwenyewe, na Rogers hakuwa wa kwanza kuurekodi. Bobby Bare alimtangulia, na Johnny Cash naye aliurekodi mwaka huohuo wa 1978. Ruby, Don't Take Your Love to Town, uliompatia jina yeye na kundi lake la First Edition mwaka 1969, ni kazi ya Mel Tillis. Lucille waliutunga Roger Bowling na Hal Bynum, na Bowling huyohuyo, safari hii akiwa na Billy Ed Wheeler, ndiye aliyeleta Coward of the County.

Kisa cha Islands in the Stream kinafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo, kwa sababu kinaonyesha jinsi wimbo unavyoweza kukaribia kufa mikononi mwa mwimbaji. Waliotunga ni ndugu watatu wa kundi la Bee Gees, na aliyekuwa akitayarisha albamu ni mmoja wao, Barry Gibb. Kwa mujibu wa masimulizi ya Rogers mwenyewe, aliuimba peke yake kwa siku nne mfululizo, akauchoka, akamwambia Gibb kwamba haupendi tena. Gibb akajibu kwamba kinachokosekana ni Dolly Parton. Bahati ikawa kwamba Parton alikuwa katika jengo hilohilo la studio, akaitwa, na alipoanza kuimba tu wimbo ukageuka kuwa kitu kingine kabisa. Ukiusikiliza kwa makini utatambua sababu: sauti ya Rogers ni nzito na ina mkwaruzo, ya Parton ni nyembamba na inang'aa, na hakuna inayoifunika nyenzake hata pale wanapoimba pamoja kwenye kiitikio.

Alizotunga mwenyewe ni chache lakini si haba. Sweet Music Man wa mwaka 1977 ni wake peke yake, na waimbaji kadhaa wakubwa wa kantri wameurudia. Love or Something Like It wa mwaka 1978 alishirikiana na Steve Glassmeyer, na Crazy wa mwaka 1984 alishirikiana na Richard Marx. Zote mbili ziliongoza chati ya kantri. Wapo wanaomshusha hadhi kwa sababu ya uchache huo, nami sikubaliani nao. Kuchagua wimbo ni kazi yenye ufundi wake. Nyimbo ambazo wenzake walizirekodi zikapita kimya, yeye alizisikia kwa sikio la msimulizi, akajua ni neno lipi lisemwe taratibu na lipi lisindikizwe na vyombo.

Shikamoo Mhariri. Mwenzangu anayependa kubeti mpira ananiambia kwamba hata Kenny Rogers alisifu kamari katika The Gambler. Je, ni kweli wimbo huo unahimiza kucheza kamari? — Msomaji wa Kisumu

Marahaba, mwanangu. Mwambie mwenzako ausikilize wimbo tangu mwanzo, asiishie kwenye kiitikio. Kisa kinatokea ndani ya treni, usiku, katika safari isiyo na mwisho unaojulikana. Abiria wawili wamechoka hata usingizi umewakataa, nao wanatazama giza dirishani. Mmoja ni mcheza karata mzee, ambaye anasema amejifunza kusoma nyuso za watu, na kwamba anaona wazi jinsi mambo yalivyomwendea kombo kijana aliye mbele yake. Yuko tayari kumpa nasaha, lakini kwa malipo ya funda moja la wiski. Anapewa chupa, anaimaliza, kisha anaomba sigara na kiberiti.

Zingatia hapo. Huyu ndiye bingwa aliyecheza kamari maisha yake yote, na uzeeni hana hata chupa wala sigara yake mwenyewe. Nasaha anazotoa kuhusu karata za kushika, karata za kutupa, wakati wa kuondoka mezani na wakati wa kukimbia kabisa, pamoja na onyo la kutohesabu fedha mchezo ukiwa bado unaendelea, ni nasaha za kujizuia, na nusu yake zinahusu namna ya kuacha. Baada ya kusema hayo mzee anageukia dirisha, anazima sigara yake na kulala, na mashairi yanatuelewesha kwamba hakuamka tena. Kijana anabaki na maneno. Anayetafuta humo ruhusa ya kuweka mshahara wake kwenye mechi za Jumamosi itabidi aitafute kwingine.

Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alipenda sana Coward of the County, nami napenda sauti yake, lakini Kiingereza changu hakinifikishi kwenye kisa chenyewe. Naomba unisimulie. — Msomaji wa Arusha

Pole kwa kufiwa na mzee. Msimulizi wa wimbo huo ni ndugu wa baba yake Tommy, yaani kwa desturi zetu ni baba mkubwa au baba mdogo wa kijana huyo, na ndiye aliyemlea. Baba mzazi alifia gerezani Tommy akiwa na umri wa miaka kumi, na kabla ya kufa alimwapisha mtoto kwamba asije akafuata nyayo zake: ajiepushe na ugomvi kila inapowezekana, kwa kuwa kugeuza shavu la pili si udhaifu. Tommy akashika kiapo. Watu wa eneo lile wakamwona mwoga, wakamwita hivyo waziwazi, naye akanyamaza mpaka akawa mtu mzima.

Mtu pekee ambaye mbele yake hakuhitaji kuthibitisha uanaume wake ni mpenzi wake Becky. Siku moja, Tommy akiwa kazini, ndugu watatu wa ukoo wa Gatlin wanamwingilia Becky nyumbani na kumnajisi. Tommy anarudi, anamkuta analia, anaichukua picha ya baba yake iliyokuwa juu ya meko, na machozi yanaiangukia huku akiyasikia tena yale maneno ya gerezani. Anakwenda baa waliko wale ndugu. Wanamcheka, na anapogeuka kuelekea mlangoni wanadhani anakimbia kama kawaida yake. Kumbe ameufunga mlango kwa ndani. Kisha yanatoka yote aliyoyameza kwa miaka ishirini, na hakuna hata mmoja wa wale watatu anayebaki amesimama. Mwishoni Tommy anazungumza na marehemu baba yake, akimwambia kwamba alijitahidi kutimiza ahadi, ila sasa ameelewa kuwa zipo nyakati ambapo mwanamume hulazimika kupigana.

Kisa hicho kina ukali wake, na nina walakini kwa namna Becky anavyotoweka katika wimbo baada ya kudhulumiwa, kana kwamba yaliyompata ni ngazi tu ya kumpandisha Tommy. Lakini kama ni ufundi wa kusimulia, kuingiza maisha ya mtu katika wimbo wa dakika nne hivi bila mtiririko kukatika si jambo dogo, na nadhani ndicho kilichomvutia baba yako.

Mhariri, je, Kenny Rogers kweli ni mwanamuziki wa kantri? Rafiki zangu wanaopenda kantri ya zamani wanamwita mwimbaji wa pop aliyevaa kofia. — Msomaji wa Dar es Salaam

Rafiki zako hawakuwa wa kwanza kunung'unika. Rogers hakuanzia kwenye kantri: aliwahi kupiga besi katika kundi la jazi la Bobby Doyle, akapitia New Christy Minstrels walioimba nyimbo za kiasili, kisha mwaka 1967 akaunda First Edition na wenzake. Wimbo wao wa kwanza kuvuma, Just Dropped In, uliofika nafasi ya tano mwaka 1968, ni wa roki yenye magitaa yaliyogeuzwageuzwa sauti, na msikilizaji anayemjua kwa Lucille pekee hataamini kwamba ni yeye. Aliingia Nashville akiwa karibu na miaka arobaini, na huko mtayarishaji Larry Butler akamjengea mtindo wa wazi: gitaa jepesi, fidla nyingi za okestra, na sauti yake ikiwekwa mbele ya kila kitu.

Ila mtindo huo haukuwa uvumbuzi wao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 watayarishaji wa Nashville kama Chet Atkins na Owen Bradley walikuwa wamekwisha kupunguza fidla za kijijini na kuongeza okestra, na Jim Reeves, anayependwa mno katika eneo letu, alikuwa zao la mageuzi hayohayo. Anayemkubali Reeves na kumkataa Rogers inabidi aeleze mpaka kati yao uko wapi. Mwaka 2013 Rogers aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, kwa hiyo wenye muziki wao wamekwisha kuamua.

Shikamoo. Nataka kuanza kumsikiliza Kenny Rogers, nianzie wapi? — Msomaji wa Mombasa

Marahaba. Anza na albamu ya Greatest Hits ya mwaka 1980, ambayo imetambuliwa kwa mauzo ya nakala milioni 12 nchini Marekani pekee. Humo utakuta Lady, The Gambler, Lucille, Ruby, She Believes in Me na Coward of the County pamoja. Kwa kuwa ilitoka kabla ya nyimbo zake nyingine kubwa, Through the Years, unaopendwa kwenye sherehe za kumbukumbu za ndoa, utautafuta katika Share Your Love ya mwaka 1981, na Islands in the Stream katika Eyes That See in the Dark ya mwaka 1983. Ukimaliza hizo na ukataka kumsikia akiwa mzee, tafuta Buy Me a Rose, uliomrudisha kileleni mwa chati ya kantri mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 61.