Mkiwa nyuma kwa mabao: tunajibu maswali yenu

Timu yetu ya mtaani ikifungwa mawili, kila mtu anapanda kushambulia. Tunatoka na nne. Kosa liko wapi? (Msomaji, Morogoro)

Mnapanda kabla ya kuziba pale mlipofungiwa. Chukueni fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2005, Istanbul. Liverpool walikwenda mapumziko AC Milan wakiongoza 3-0, na Kaká, kiungo mshambuliaji wa Milan, alikuwa akipokea mpira katikati bila mtu wa kumgusa. Kocha Rafael Benítez hakuongeza mshambuliaji. Alimtoa Finnan, beki wa kulia, akamwingiza Hamann, kiungo mkabaji, nyuma wakabaki mabeki watatu. Hamann akamkaba Kaká, nahodha Gerrard akawa huru kupanda. Dakika ya 54, 56 na 60 mabao yote matatu yakarudi, kombe wakalichukua kwa penalti.

Kwenu hesabu ni hii: wapinzani wakiacha washambuliaji wawili mbele, nyinyi bakizeni watatu, yaani mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji hatua kumi hivi mbele yao. Beki mmoja wa pembeni akipanda, mwenzake abaki.

Halafu ile mipira mirefu ya presha. Beki wao anaupiga kichwa, unatua miguuni kwa kiungo wao, na wachezaji wenu sita tayari wameshapitwa. Hapo ndipo bao la tatu linapotoka. Mkitaka kupiga mrefu, wawili wasimame mita 10 hadi 15 nyuma ya anayeruka, kazi yao kuokota unaodondoka. Kama hawapo, pigeni pasi fupi, hata kama mashabiki wanazomea.

Mbona tukisawazisha tu, tunafungwa tena? (Msomaji, Kisumu)

Mnakuwa bado mnashangilia. Yaliwapata Kenya kwenye AFCON, Cairo, Juni 27, 2019, walipocheza na Tanzania: Olunga alisawazisha dakika ya 39, ya 40 Samatta akaitanguliza tena Taifa Stars. Harambee Stars walilazimika kuanza upya. Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza kazi ya 80, ikawa 3-2. Si kila timu inapata nafasi mbili.

Kabla mpira haujaanzishwa, nahodha ageuke nyuma ahesabu: mabeki wote kwenye mstari, mkabaji mahali pake. Mpira wa kwanza mkiupata msiuchezee langoni kwenu. Upigeni nje hata kama watapewa mpira wa kurusha, mradi utokee upande wao.

Nibadilishe wangapi mapumziko? (Kocha, Tanga)

Ligi yenu ikiruhusu wachezaji watano, mchezo ukiendelea una nafasi tatu tu za kusimamisha ili kubadilisha, lakini mapumziko hayahesabiwi humo. Kwa hiyo marekebisho makubwa, wawili au watatu, yafanye pale. Usiwamalize wote watano ifikapo dakika ya 70: beki akivuta msuli ya 85, utamalizia na kumi, na uko nyuma bado.