Mzee wa Begi Ajibu: Gofu ya 2019 kwa Jicho la Kedi

Barua nilizopata Januari 2020, mimi kedi, yaani mbeba begi la fimbo za mchezaji, karibu zote ziliuliza habari ya 2019. Nimezichagua nne. Aliyeniuliza bei ya fimbo za mtumba aningoje, nipate kwanza kwenda kuziona kwa macho.

*Shikamoo Mzee wa Begi. Nimesoma orodha za washindi wa gofu wa 2019 mpaka macho yakaniuma, na bado sielewi kwa nini watu wanasema ulikuwa mwaka mkubwa kwetu. Wewe uliyebeba begi miaka yote hiyo, lipi lilikuwa kubwa? — Msomaji, Mtwapa*

Marahaba, mwanangu. Ukihesabu kwa fedha, makubwa yalikuwa mawili. Kwa hesabu yangu mimi lilikuwa moja, na halikutokea hata Kenya. Nianze na ya fedha.

La kwanza ni Kenya Open ya mwezi wa Machi, pale Karen, Nairobi. Shindano hili si la jana. Lilianza 1967, na mwaka 1978 Severiano Ballesteros wa Hispania alilichukua hata hajatimiza miaka 21. Lakini tangu 1991 lilikuwa limewekwa kwenye daraja la pili la Ulaya, lile la vijana wanaotafuta njia ya kupanda. Mwaka 2019 likapandishwa likaingia European Tour yenyewe, daraja la juu la Ulaya, na kitita kikafika euro milioni 1.1. Akaja Mtaliano wa miaka 22, Guido Migliozzi, akamaliza mikwaju 16 chini ya pa, yaani chini ya idadi ya mikwaju iliyowekewa kiwanja. Watu watatu walimfuata nyuma kwa mkwaju mmoja tu. Mwaka wa kabla yake, Muthaiga, aliyelichukua alikuwa Mtaliano pia, Lorenzo Gagli. Sijui Italia wanakula nini, ila Nairobi inawakubali.

La pili lilikuja mlangoni kwako. Kutoka Mtwapa hadi Vipingo ni matatu moja. Tarehe 5 hadi 8 Disemba wanawake wa kulipwa wa Ulaya walicheza Kenya kwa mara ya kwanza, katika kiwanja cha Vipingo Ridge, huko kwenye nchi ya katani na mibuyu. Esther Henseleit, Mjerumani wa miaka 20, alipiga mikwaju 64 siku ya mwisho akafika mikwaju 14 chini ya pa, akampita Aditi Ashok wa India kwa mkwaju mmoja. Kwa ushindi huo akamaliza msimu akiongoza orodha ya wanawake wa Ulaya nzima katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa. Nilikwenda Jumapili ile. Wewe wa pwani unaujua upepo wa Disemba, kaskazi ikishaanza kujipanga. Nairobi hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali kuliko ulivyokusudia. Huku kwetu hewa ni nzito, na juu yake kuna upepo. Kupiga 64 hapo siku ya mwisho si mchezo wa kitoto.

Sasa langu. Tarehe 27 Januari, Dubai. Mchina Li Haotong alikuwa shimo la 18, siku ya mwisho, amebakiza mpira mfupi wa kusukumia shimoni. Akausukuma, ukaingia, akatoka anacheka. Baadaye akaambiwa ameongezewa mikwaju miwili kwa sababu kedi wake alikuwa nyuma yake, kwenye mstari wa mpira, wakati yeye anaanza kuweka miguu. Kutoka nafasi ya tatu aliyokuwa akiigawana na wenzake akaangukia ya 12, na kiasi cha dola 100,000 zikamponyoka. Kedi alikuwa tayari anaondoka pale! Lakini kanuni mpya, iliyoanza siku ya kwanza ya mwaka, haikuuliza nia yake.

Kwa asiyejua: zamani sisi tulikuwa tunasimama nyuma ya mchezaji, tunafumba jicho moja, tunamwambia "kushoto kidogo, hapo hapo, haya". Mimi nimekula mkate kwa kazi hiyo. Wapo wachezaji niliowabebea ambao bila jicho langu wangepiga kuelekea maegesho ya magari. Kuanzia 2019, mchezaji akishaanza kusimama kwenye mpira, kedi haruhusiwi kuwa kwenye mstari ule nyuma yake. Kelele zilikuwa nyingi, na mapema Februari wenye kanuni wakafafanua: mchezaji akirudi nyuma kabla ya kupiga, kisha akasimama upya bila kedi pale, hakuna adhabu, iwe kwenye grini, pale penye shimo, au kwenye fewei, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea huko.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, tukio la mwaka ni lile la Dubai. Watu wengine wanahesabu vikombe. Sisi kwa mara ya kwanza tuliona kedi akitajwa duniani kote, ingawa kwa msiba.

*Mzee, tulikuwa tunautafuta mpira wangu majanini, mpinzani wangu akatazama saa akasema muda umekwisha. Mimi najua ni dakika tano. Amenionea? — Msomaji, Kericho*

Hajakuonea, kaka. Ni dakika tatu tangu 1 Januari 2019. Saa inaanza kuhesabiwa wewe au kedi wako mnapoanza kutafuta, si pale mpira ulipotoka kwenye fimbo. Ukikosa, unarudi ulikopigia kwa adhabu ya mkwaju mmoja.

Na hapa niruhusu niseme la moyoni, maana dakika hizo tano zimenitesa. Mwaka 1987, kwenye kiwanja kimoja ambacho sitakitaja, bwana mmoja alipiga mpira ukaingia kwenye mikoko. Mikoko, si majani! Nikaambiwa ingia. Nikaingia na viatu vyangu vya pekee, dakika tano zikapita, nikatoka na matope hadi magotini na kaa amening'inia kwenye suruali. Mwisho wa raundi akanilipa nusu, akasema nusu nyingine ni bei ya mpira, kwa kuwa jicho langu halikuufuata. Mpira ule haukufika hata robo ya alichonikata.

Basi walipotangaza dakika tatu, wachezaji wakongwe walinung'unika kwamba wanaharakishwa. Makedi kibandani tulipiga makofi. Dakika mbili za matope zimeondolewa duniani.

Yapo mengine yaliyobadilika siku hiyohiyo, uyajue usije ukaonewa kweli. Mpira wa kuangusha, ule unaourudisha mchezoni kwa mkono, sasa unaachiliwa kutoka usawa wa goti, si bega. Ukiugusa mpira mara mbili kwa mkwaju mmoja kwa bahati mbaya, ni mkwaju mmoja tu. Na bendera inaweza kubaki shimoni unaposukuma kutoka kwenye grini. Hili la bendera liliwatia hofu vijana wetu wengine, wakidhani kazi yao moja imekufa. Haijafa. Nusu ya wanachama bado wanataka itolewe, nusu wanataka ibaki, na wengine wanataka itolewe wakikosa.

*Nimesikia handikapu zetu zote zinafutwa mwaka huu wa 2020 na tunaanza upya. Nina 14 niliyoitafuta kwa jasho. Itapotea? — Msomaji, Morogoro*

Haipotei, ndugu yangu, ila inaweza kusogea kidogo. Dunia ilikuwa na mifumo sita ya handikapu, ile namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji, kila upande na wake. Ikaunganishwa kuwa mmoja, na nchi zikaanza kuingia kwa zamu Januari 2020. Zinachukuliwa raundi zako 20 za mwisho, zinatazamwa 8 zilizo bora, wastani wake ndio wewe. Kwa hiyo zile kadi za alama ulizopeleka baada ya kucheza vizuri zinakaa na kukukumbuka.

Jingine ni kwamba kila kiwanja kinapimwa ugumu wake, na 14 ya kwenu inaweza kusomeka 16 ukienda kucheza kwenye kiwanja kigumu zaidi. Anayeanza kabisa anahitaji mashimo 54 ya kadi, sawa na raundi tatu kamili, na handikapu ya juu kabisa ni 54 kwa wanaume na wanawake. Hesabu yenyewe mwachie katibu wa handikapu. Mimi darasa la hesabu nilikuwa uwanjani.

*Kaka, mwanangu amemaliza kidato cha nne, ana miaka 19, anasubiri chuo. Jirani kamwambia aende akabebe begi kwa wazungu atajifunza gofu na atakuwa tajiri. Nimruhusu? — Mama wa Likoni*

Mruhusu dada yangu, lakini jirani mwambie apunguze chumvi. Kwanza wanaobebewa siku hizi ni Wakenya wenzetu wengi kuliko wazungu. Pili, njia ya kutoka kwenye begi hadi kwenye fimbo ipo, ila ni nyembamba. Mwaka 1998 mchezaji wetu Jacob Okello alimaliza mashimo yote ya Kenya Open akiwa sawa na Ricardo González wa Argentina, kisha González akamshinda kwenye mchujo. Zaidi ya nusu karne tangu shindano lianze, hakuna Mkenya aliyelishinda. Wakati ule sisi makedi tulilia kama tumefiwa, na wengine hatujamaliza.

Fedha yake atakayoipata ni ya siku kwa siku. Jumamosi na Jumapili atarudi na kitu, Jumatatu huenda arudi na jua tu. Makubaliano yafanywe kabla begi halijanyanyuliwa, mbele ya msimamizi wa makedi, na asikubali kukatwa kwa ajili ya mpira uliopotea. Akikatwa aje kwangu, nina uzoefu. Barua ya chuo ikija aache begi siku hiyohiyo, hata kama yuko shimo la tano. Begi litabebwa na mwingine.

Mlete Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua. Avae viatu vya kufunga, achukue taulo dogo na chupa ya maji. Begi sitampa siku hiyo. Tutazunguka mimi na yeye mashimo tisa mikono mitupu, nimwonyeshe pa kusimama.