Enaji mbili na soda kila siku: moyo unaumiaje, na upunguze vipi

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Mwanjelwa: una miaka 24, uko kwenye bodaboda, unakunywa enaji (vinywaji vya kuongeza nguvu) mbili na soda moja kila siku, usiku moyo unakwenda mbio, na unataka kujua kama kuna hatari au ni maneno ya kijiweni. Hatari ipo. Ila usiitafute kwenye chupa moja, itafute kwenye jumla ya sukari ya kutwa, usingizi mdogo, na kukaa juu ya siti tangu asubuhi hadi usiku.

Anza na hesabu. Geuza chupa usome maandishi madogo. Wengi hukosea hapa, maana gramu zinazoandikwa mara nyingi ni za kila mililita 100, si za chupa nzima. Soda ya kola huwa na gramu 10 hadi 11 kwa mililita 100. Chupa ya mililita 350 ni kama gramu 37. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4, kwa hiyo gawa kwa 4: ni vijiko tisa. Ya nusu lita inafika 13. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni karibu gramu 50, na kushuka hadi 25 ni bora zaidi.

Na chai hatujaigusa. Mbeya ikishika baridi mwezi wa sita na wa saba, chai inanyweka kutwa, na kijiko cha kwa mama ntilie hakisawazishwi, kinajaa hadi kinamwagika. Vijiko vitatu vya hivyo kwenye kikombe vinakaribia gramu 20. Ukimuuliza mtu anakunywa sukari kiasi gani, atakutajia soda tu. Juisi ya miwa nayo usiiite matunda, ni sukari.

Inavyofika kwenye moyo ni hivi. Sukari ya dukani nusu yake ni fruktosi, na kazi ya kuishughulikia inaangukia zaidi ini. Ikija nyingi na kwa haraka, ini huigeuza mafuta. Mengine yanabaki humo, mengine yanaingia kwenye damu kama triglaiseridi. Sukari ya kunywa pia haishibishi, kwa hiyo ugali unaliwa uleule. Miaka ikienda, tumbo linaongezeka, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inapoteza nguvu, presha inapanda, mishipa inaanza kuziba. Unaweza kuwa mwembamba na mambo haya yakaendelea ndani.

Moyo kwenda mbio usiku, kwa upande wako, naishuku zaidi kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye enaji. Enaji nyingi zina takriban miligramu 30 kwa mililita 100. Kwa watu wengi nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo ya saa nne usiku bado inakuamsha saa tisa. Asubuhi umechoka, unafungua nyingine. Usichanganye enaji na pombe kabisa: unajiona mzima wakati umelewa, na hivyo unazidisha.

Usiache zote siku moja. Kafeini ikikatwa ghafla kichwa kinauma, kinazidi siku ya pili, na wengi hurudi hapohapo. Wiki ya kwanza ondoa enaji ya jioni tu. Baada ya saa nane mchana usiguse. Wiki ya pili ile ya asubuhi inywe nusu, na soda iwe siku moja moja. Chai punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Beba chupa ya chai yenye maji ya moto na tangawizi au mchaichai. Kwenye baridi watu hawanywi maji kwa sababu ni ya baridi, basi yapashe. Ukisikia njaa, ndizi au parachichi la Rungwe linashinda soda na andazi. Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Milima ya Mbeya inatosha, na aliyeko Iringa apande Gangilonga.

Pima presha, lakini ipimwe vizuri: kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na usiwe umekunywa enaji au chai, wala kuvuta sigara, ndani ya nusu saa. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ikirudi hivyo, muone daktari. Omba pia sukari na mafuta ya damu.

Kifua kikibana, ukizimia, pumzi ikikata, au mapigo yakipotea mpangilio, nenda hospitali mara moja ukapimwe umeme wa moyo, na uwaambie bila kuficha umekunywa enaji ngapi. Kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, liseme hilo kwanza, na enaji usiziguse hadi upimwe.